Naanzisha Wimbo kwa Kijiko

Nilipokuwa mdogo kule Mabanga, meno ya mbele yameng'oka na mapya hayajafika, kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kwenda na senge kuita kumbikumbi. Senge ni dada ya baba, ndivyo tunavyomwita kwetu Bungoma. Wangu alikuwa mwanamke mrefu, mguu mmoja unavuta kidogo, na hakujaliwa mtoto, kwa hivyo sisi sote tulikuwa wake.

Wewe ambaye hujui, kumbikumbi hatoki tu kwa sababu una njaa. Anatoka akisikia mvua. Sasa senge alikuwa anamdanganya. Anafunika kichuguu kwa matawi na blanketi kuukuu, anaacha tundu moja kwa mbele, chini ya tundu anaweka chungu. Halafu anaketi chini, mguu mbovu ameunyoosha, anachukua vijiti viwili na kipande cha ubao, anaanza kugonga. Ko-ko. Ko-ko-ko. Polepole kama mvua inayojaribu mabati, kisha inashika kasi. Na juu ya milio hiyo anaimba wimbo wa kanisa, kwa sababu yeye ndiye wa kwanza kwetu kubatizwa na zile nyimbo za zamani za kumbikumbi hakuzitaka tena. Ukinyamaza unasikia udongo unanong'ona huko ndani. Mara wanamwagika, mabawa yanang'aa, chungu kinajaa, nasi tunakula wengine wakiwa bado wanatembea mdomoni.

Siku moja kichuguu kilikataa. Senge aligonga mpaka jua likahama kutoka bega hili likaja bega lile. Hakuna hata mmoja. Mimi nikamwambia, "Senge, hawajasikia. Gonga kwa nguvu."

Akasema, "Wamesikia. Hawataki tu."

Akakunja blanketi lake, akapanguza chungu, tukaenda nyumbani kula mboga. Hakukasirika hata kidogo. Hiyo ndiyo ilinishangaza, kwa sababu mimi nilikuwa nimelia.

Sasa utaniuliza wadudu wameingiaje hapa wakati ninachotaka kuandika ni kansa ya koo. Ndivyo nilivyo. Mimi ni mtu wa hadithi. Hapa Saboti, ambako baba alihamia alipopata shamba, watu walikuwa wakiniona mbele wanageukia njia ya mahindini, kwa sababu nikikushika mkono nikuambie jambo dogo tu, utafika sokoni watu wamefunga. Sasa hawageuki tena. Sina sauti. Koo langu lilifungwa na daktari, napumua kwa tundu shingoni, na ndiyo maana naandika. Shule niliiacha darasa la tatu. Mke wa mwanangu, Nasimiyu, ndiye ananisomea na kunirekebishia. Sisi wa Bungoma r na l hukosana njiani, yeye ndiye anayezipatanisha.

Namwandikia yule ambaye leo ameketi kwenye benchi ameshika bahasha ya picha magotini, na wale aliowaacha nyumbani. Mambo ya dawa muulize daktari. Mimi nitasema yale niliyoyaona.

Kwanza ujue nyumba yetu ilikuwaje. Senge alituachia ule wimbo, na mimi nilipooa nikaufanya wa jioni. Kabla ya ugali kuletwa mezani, jua bado halijashuka mlimani, kila mtu anakuja sebuleni. Mimi naanzisha wimbo, wengine wanaitikia. Halafu kila mmoja anasema jambo moja la siku hiyo analomshukuru Mungu. Moja tu, na lisiwe la jana. Halafu nasoma Neno kidogo, nikikwama mke wangu Anna ananisukuma, tunaomba, tunakula. Basi. Hatukuwa watu wa kupiga kelele.

Watoto walilelewa hapo, kwenye hilo jambo moja la siku. Wafula, kifungua mimba wetu, siku moja alisema, "Asante Mungu kwa sababu mwalimu hakukuja." Siku nyingine, "Asante kwa kuku mwekundu kutoliwa na mwewe, ameliwa yule mweupe ambaye si wangu." Anna alimfinya, mimi nikaachilia. Nilifikiri mtoto akimzoea Mungu kwa kuku, siku moja atamzoea kwa makubwa.

Na kwetu wimbo huanzishwa na mwenye nyumba. Hiyo si sheria ya kanisa, ni heshima tu. Mwenye nyumba akiwa hai, mwingine hawezi kufungua mdomo mbele yake, ni kama umekaa kwenye kiti chake akiwa bado amesimama. Hata nikisafiri, walikuwa wanaomba kimya kimya wakila. Nasimiyu alipoolewa na Wafula akaja nyumbani, yeye hakuingia sebuleni kabisa, kwa sababu mke wa mtoto haketi akitazamana na baba mkwe. Alikuwa anasimama upande wa jikoni, nyuma ya pazia la mlango. Nilijua ana sauti nzuri kwa kuwa kiitikio kilikuwa kinapita kwenye pazia. Uso wake wakati wa kuimba sikuwahi kuuona.

Ugonjwa ulianza wakati wa kupanda. Sauti ikakwaruza. Anna akasema, "Baba Wafula, umekuwa kama jogoo aliyemeza kamba." Tukacheka. Nikanywa tangawizi, limau, asali ya mlimani. Mahindi yakafika magotini, sauti haikurudi. Tulipopalilia mara ya pili, nilikuwa naanzisha wimbo unakatika katikati, watu wanasubiri, nameza mate, naanza tena.

Nikaenda hospitali ya Kitale. Mungu anisamehe, benchi ya pale niliijua kuliko kitanda changu. Ukuta wake una rangi mbili, chini kijani, juu nyeupe iliyochoka, na pale vichwa vya wagonjwa vinapoegemea kuna alama nyeusi kama mstari, urefu wa watu walioketi. Yangu iko pale pia. Wakanipa dawa ya kifua. Nikarudi. Wakanipa nyingine. Baadaye wakanituma Bungoma kwa daktari wa koo, akanipitisha mpira wenye taa puani, akanyamaza. Daktari akinyamaza, wewe ambaye unakuja nyuma yangu, usijaze huo ukimya kwa maneno. Mimi nilianza kumsimulia habari za ng'ombe wetu mmoja aliyemeza chupi ya jirani. Aliniacha nimalize, ndipo akasema, "Mzee, umekuja na nani?"

Nilikuwa na Anna. Akaitwa. Tukaambiwa.

Tulipofika getini Anna akasema, "Usiwaambie kabla hawajala." Hiyo jioni nilifungua mdomo nianzishe wimbo na hakuna kilichotoka. Si ugonjwa, ni hofu. Watu wakasubiri. Tukala kimya. Kesho yake vilevile. Na kwa sababu mimi ni hai na nimeketi pale kwenye kiti changu, hakuna aliyethubutu kuanzisha. Waliogopa kunizika kabla sijafa. Ndivyo nyumba ilivyonyamaza, kwa heshima tupu, mahindi yakiwa yanatoa ndevu. Sahani zikilia, vijiko vikilia, watu kimya. Nikuambie ukweli, kufa sikuogopa sana. Niliogopa hiyo. Nyumba niliyoijenga kwa wimbo kila jioni ilikuwa inazimika mbele ya macho yangu wala hakuna mtu amemkana Mungu.

Jirani yetu Simiyu, mzee wa kanisa, akaja akaona. Akasema, "Si kuna kifungua mimba? Mpe ruhusa kwa mdomo wako, watu wasikie. Halafu nyumba iendelee."

Wafula alikuwa Suam wakati huo, anauza maharagwe na kununua mitumba upande wa pili wa mpaka. Nikampigia simu na kale kasauti kalikobaki. Akaja kesho yake na vumbi mpaka kwenye kope. Nikasimama mbele ya wote nikasema, "Mwanangu, mpaka nipone, wewe anzisha."

Akainamisha kichwa. Akaanzisha.

Watu wangu, sauti ya kijana yule. Ilikuwa yangu ya zamani, lakini yenye nguvu zaidi, haijakwaruzwa na kitu. Nasimiyu akaitikia nyuma ya pazia, mume na mke wakakutana juu ya kichwa changu, nikaangalia chini ili wasione. Alipofika kwenye jambo la siku alisema, "Mungu, mimi leo sina la kushukuru, nina la kuomba. Muachie baba sauti." Anna akakohoa, kwa sababu hiyo si kanuni. Mimi nikaachilia tena.

Tangu hapo aliomba hilo kila siku. Akaanza kufunga. Saa ya chai anatoka kama mtu aliyeitwa nje. Suam hakurudi, akamwachia rafiki biashara. Nasimiyu akaniambia, baadaye sana, kwamba alimsihi mumewe, "Baba Neema, omba mzee apone tu, usimchagulie Mungu kiungo." Wafula akamjibu, "Kwani baba bila sauti ni nani?"

Mahindi yalipoanza kukauka nikaanza mionzi kwenye hospitali kubwa ya rufaa, mbali kidogo na kwetu. Hapo ndipo mwili uliacha kuwa wangu. Ngozi ya shingo ikaungua ikawa kama ganda la kiazi kilichosahauliwa kwenye majivu. Mate yakawa gundi. Chakula chote kikawa na ladha ya msumari. Mshipi niliufunga mpaka ukaisha matundu, Wafula akatoboa mengine kwa msumari wa moto. Nilikuwa mtu mnene, mnisamehe kujisifu. Nikawa suti imetundikwa.

Kwenye benchi ya mionzi nilikutana na Kalasinga mmoja, mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kitale. Mimi nilishanunua misumari kwake maisha yangu yote wala hatujawahi kusalimiana zaidi ya "hii" na "ile". Naye koo. Naye sauti ni ya kukwaruza. Siku ya kwanza akaniangalia, akasema kwa shida, "Wewe ya Saboti. Wewe napenda kupunguziwa bei."

Nikasema, "Na wewe hujawahi kupunguza."

Tulicheka. Sikia, ukisikia watu wawili wenye koo bovu wanacheka, utadhani ni redio mbili zimeisha betri. Sista akatoka mbio kuangalia nani anakufa.

Mwanawe alikuwa anakuja naye kila siku. Baada ya mionzi, kilemba kikiwa kimelegea, kijana anampeleka pembeni, anashika ncha ya kitambaa, anakizungusha kichwani mwa baba yake polepole, mkunjo juu ya mkunjo, midomo ikitembea. Nikamuuliza Kalasinga, anasema nini? Akajibu, "Anaomba. Mimi nilimfunga yeye akiwa mdogo, sasa yeye nafunga mimi." Nilimtazama Wafula. Alikuwa anawatazama pia, ameegemea ukuta, mkono kwenye tumbo lenye njaa ya kufunga. Yule mzee siku moja hakuja. Tulikaa tukiacha nafasi yake kwenye benchi mpaka mgonjwa mpya, ambaye hakujua, akaikalia.

Blanketi. Hiyo nilitaka kusema. Beba blanketi lako mwenyewe, benchi ni baridi hata mchana. Na wewe uliye nyumbani, usile nje kwa kumhurumia mgonjwa asiyeweza kumeza. Kula mbele yake. Mimi nilikuwa naliwa na upweke kuliko njaa, mpaka Anna akaja na sahani yake ya mrenda akaketi kando yangu akasema, "Leo nakula na wewe unanitazama, kama tulipokuwa wachumba."

Mionzi haikutosha. Tulivuna mahindi, baridi ikapita, daktari akasema ama sanduku la sauti litolewe ama ugonjwa utaendelea kula mpaka umalize. Wafula alikuwa amesimama. Akauliza, "Daktari, hakuna njia ingine? Hata kidogo? Hata sauti ya kunong'ona ibaki?"

Daktari akamwambia, "Kijana, namuokoa baba yako."

Wafula akasema, "Sikuomba hiyo." Nadhani hakukusudia isikike.

Nilipoamka nilikuwa na mpira puani wa kulia chakula, na tundu shingoni. Nilitaka kumwita Anna. Midomo ikatembea. Hewa ikatoka chini, kwenye tundu, fyuu, kama mlango mbovu. Hapo nilielewa, hata kama nilikuwa nimeelezwa.

Kuna mambo hakuna anayekuambia. Huwezi kupuliza chai. Kwa sababu hewa haipiti mdomoni, chai inakaa na moto wake na wewe unaitazama. Huwezi kunusa. Kuku anachemka jikoni, wewe unaambiwa. Mbuzi wakila mahindi yako, unabaki kupiga makofi kama mwendawazimu. Ukicheka unaonekana unalia, na ukilia watu hawajui. Wajukuu waliogopa tundu, mpaka Anna akanishonea vitambaa vya shingo kwa mabaki ya nguo zake za zamani, nikawa navaa harusi yetu leo, kesho navaa ubatizo wa Wafula.

Na huyo Wafula ndiye alinilea. Iache hivyo Nasimiyu, usipunguze. Siku hizi ni wewe unayenisafisha, na watu walisema mwanzoni, mke wa mtoto anamshika baba mkwe shingo, lakini mwanzo alikuwa yeye. Asubuhi na jioni, pamba na maji ya chumvi, anafuta tundu, anatoa makohozi, anageuza kitambaa, hajawahi kukunja uso. Mikono ya mwanamume aliyebeba magunia, halafu myepesi hivyo.

Lakini ikifika saa ya wimbo, anatoka. Anaenda kwenye zizi, anaegemea nguzo, anarudi ugali ukiwa mezani. Na kwa kuwa ruhusa nilimpa yeye, na yeye yuko, nyumba ikanyamaza mara ya pili.

Anna alimfuata siku moja. Dirisha lilikuwa wazi, nikasikia.

"Wafula, kwani sisi tunaabudu koo ya baba yako?"

"Si koo, Mama. Ni sauti. Mimi huyo Mungu nilimjua kwa hiyo sauti. Tangu nikiwa mdogo, ikianza tu, nilikuwa najua ameingia sebuleni."

"Sasa si amemponya?"

"Mama, hebu niache tu na ng'ombe."

Anna akarudi ndani akachambua mchele uliokuwa umeshachambuliwa.

Kesho yake Wafula, akinisafisha, akaanza mwenyewe. "Baba, mimi sina ugomvi na wewe. Niliomba kitu kimoja. Nilisema chukua mguu wangu, chukua biashara, chukua jicho. Akapita vyote hivyo, akaenda moja kwa moja pale nilipomwambia asiguse."

Nikatembeza midomo, niko hai. Alikuwa amejifunza kunisoma.

"Najua uko hai. Si ni mimi nakuosha? Lakini niambie, nikianzisha, nitakuwa naimba nini? Nitakuwa nasikiliza kama utaingia kwenye kiitikio. Na hutaingia."

Nikamshika mkono. Akauacha ushikwe, kisha akaenda kumwaga maji ya karai.

Mvua za kwanza zikaja, kumbikumbi wakatoka wenyewe bila kudanganywa, wajukuu wakawa wanawakimbiza uani. Nilikuwa nimeketi mezani saa ya wimbo. Kimya kile kile. Mvua ikaanza kwenye mabati, ko-ko, ko-ko-ko, na mkono wangu, sikuutuma, ukachukua kijiko ukaanza kugonga meza. Mapigo ya senge. Mapigo ya ule wimbo, kwa sababu kwa senge ni kitu kimoja. Anna akaniangalia. Akaelewa kabla sijajielewa. Mwenye nyumba ameanzisha.

Lakini maneno yatoke wapi? Anna hajui kuimba, hata yeye anakiri. Wajukuu wanajua kiitikio tu. Nikaendelea kugonga. Halafu nyuma ya pazia Nasimiyu akaingia. Mwanzo chini chini, kama anayeimba akiwa anaosha vyombo, halafu wazi. Anna akapasua kiitikio vibaya sana. Niliongeza kijiko cha pili.

Tangu hapo nyumba ilikuwa na wimbo. Wafula zizini alikuwa anausikia. Sikumwita. Jambo langu la siku naligonga na kulionyesha kwa vidole, wajukuu wanakisia, wanakosea, tunacheka. Mmoja alisema ati Babu anashukuru kwa sababu ng'ombe amevaa kofia. Nilikuwa nashukuru kwa uji kupita.

Daktari alipoutoa mpira puani na kusema hauonekani tena ugonjwa, Simiyu akasema lazima shukrani ifanywe. Tukapanga baada ya kuvuna maharagwe, mchana, kanisa zima lije. Hema likasimamishwa uani. Wafula alifanya kazi kuliko wote. Alichimba mashimo ya nguzo, alichinja, alibeba maji. Alinivika koti, akachagua kitambaa cha shingo, cha ubatizo wake, akakifunga.

Watu walipojaa, Simiyu akasimama. Alisema mengi mazuri. Halafu akageuka. "Sasa leo si siku ya kugonga meza na kuimba nyuma ya pazia. Leo mbele ya watu, nyumba hii isimame. Wafula, mwanangu, baba yako alikupa ruhusa. Anzisha."

Wafula alikuwa kando yangu kwenye kiti cha plastiki, amevua koti akaliweka kwenye mgongo wa kiti. Hakusimama. Watu wakasubiri. Unajua watu wetu wanavyosubiri, kwa upole, hakuna anayekohoa, hakuna anayekuokoa, wanakuheshimu mpaka unazama. Anna akaninong'oneza, "Msaidie mtoto."

Na mimi nilitaka kumsaidia. Nilichukua kijiko. Nikagonga kwenye ubao wa meza, polepole kama mvua inayojaribu mabati, mwanzo wa wimbo, nikimtazama yeye. Njoo, mwanangu. Njoo tu mstari mmoja, tutakupokea.

Akasimama. Watu wakavuta pumzi. Mama mmoja akasema "Amina" mapema. Wafula akainama kwangu, akatengeneza kitambaa cha shingo kilichokuwa kimekaa upande, akafuta kwa kidole chake yale makohozi kidogo yanayotoka kwenye tundu nikigonga kwa nguvu. Akasema karibu na sikio langu, "Baba, siwezi kumwambia asante."

Halafu akapita kati ya viti. Si kwa haraka. Wengine walisogeza miguu wampishe, wakidhani anaenda mbele pale alipo Simiyu. Akampita Simiyu. Akapita sufuria za pilau, akapita zizi, ambapo alikuwa anasimama kila siku, safari hii hakusimama hapo. Koti lake lilibaki kwenye kiti.

Nilitaka kumwita. Jina lake ni fupi, Wafula, hata mtu anayekufa anaweza kulisema. Hewa ikatoka chini, fyuu, ikapeperusha ncha ya kitambaa.

Nikagonga. Nilikuwa sina kingine. Nikagonga kwa nguvu, na nyuma yangu, kwenye mlango wa jikoni, Nasimiyu akatoka mbele ya pazia, mbele ya watu wote na mbele yangu, mtoto mgongoni, akaingia na wimbo, mumewe akiwa anatembea.

Getini alisimama. Mgongo wake kwetu, mkono juu ya komeo. Alisikia. Najua alisikia, kwa sababu kidole kimoja kilikuwa kinafuata kijiko changu juu ya chuma. Ubeti mzima kilifuata. Halafu akafungua, akatoka, akageuka akafunga komeo vizuri ng'ombe wasije wakapotea, akashika barabara ya Kitale, na hakurudi tena.